Nukta kwenye ukuta wa jikoni

Apana, usiniambie eti alikuwa mupelelezi. Unasema eti alinunua makaa na ndani hana hata sufuria! Mupelelezi gani anachora siri yake kwenye ukuta wa jikoni, pale wamama wa vyumba vyote vya parsele wanapikia?

Mi niliishi naye mulango kwa mulango, kule Kinama. Tulimuita Prof. Kwao, ngambo ya mupaka, alikuwa anafundisha hesabu universite. Vita ikamuleta huku na begi moja, vitabu vikabaki. Chakula alikula kwangu. Chumba chake alikifunga kila saa, hata mi sikuwahi kuingia. Mukimbizi anajifunza kufunga mulango, ni kawaida.

Mi shule niliacha mapema, natengeneza simu. Hesabu nilijifunza pale jikoni, namuangalia. Karatasi haikumutosha, akachukua makaa, akaanza kuhesabu vile ulimwengu unatanuka. Nukta moja ni galaksi moja, yaani kundi la nyota nyingi sana. Kila nukta na mushale wake, wa kuonyesha inakimbilia wapi.

"Prof, hesabu za zamani umeziacha?"

"Sijaziacha, mudogo wangu. Nimezipeleka mbali tu, kule hawaombi vitambulisho."

Jumamosi moja tumetoka kwenye kazi za jumuiya, jembe bado mukononi, tunakuta shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, amesimama jikoni kwetu. Hakuuliza njia. Hakupiga hodi. Kidole tayari kwenye nukta.

"Hii ni ramani ya kartie. Hapa ni kwangu!"

Niliangalia watu. Mwenye parsele anaangalia viatu vyake. Mama jirani ghafla anachambua muchele aliokwisha kuchambua. Nikaweka jembe chini.

"Muzee shefu, kwani nyumba yako inakimbia? Si unaona mushale!"

Watu wakacheka. Yeye apana.

"We kijana, funga kinywa. Huyu anarudi kambi ya wakimbizi leo."

Prof akasogea polepole. "Shefu, acha kidole hapo hapo. Ukisimama hapo, unaona nukta zote zinakukimbia. Jirani akisimama kwake, naye anaona vile vile. Hakuna aliye katikati."

Yesu wangu! Kumuambia shefu wa kartie, mbele ya watu wake, kwamba hayuko katikati!

"Afute sasa hivi. Ama atoke."

Prof akachukua maji na kitambaa. Nikamushika mukono, akanisukuma. "Acha. Hesabu yote iko kichwani." Akafuta yote, ukuta ukabaki na doa jeusi kama mvua inakuja.

Haikusaidia. Wiki iliyofuata mwenye parsele akataka chumba, eti mupwa wake anakuja. Prof akapanda kuhamia mutaa wa Gihosha, kwa rafiki, na kutoka kule universite moja ya mbali ikamuchukua. Leo kazi yake ni ule ulimwengu wake, ananitumia hesabu kwa simu, nikikosa ananitukana. Mupwa hajafika mpaka leo. Na parsele nzima sasa inasema "Prof wetu".

Nimewauliza wote nani alimuonyesha shefu jikoni. Kila mutu, na we pia: si mimi.

Lakini ngoja kwanza. We ulisema ndani hakuwa na sufuria. Mi niliyemupikia kila siku sikujua kama anayo ama hana.

We uliingia chumbani mwake lini?