Wimbo Hupelekwa Kwanza kwa Wanaotwanga

Siku moja ya usichana wangu bado naikumbuka, mwanangu, ingawa huenda maneno mengine nimeyapanga upya kichwani, maana elimu yangu ni ya darasa la saba na kumbukumbu nayo inazeeka. Nilikuwa nimetunga wimbo wa kumtoa mwali ndani, kule kwetu Naipingo, wilayani Nachingwea. Nikamwendea bibi mzaa mama, nikamwambia wimbo uko tayari.

"Nani kasema?"

"Wenzangu wote, bibi."

"Hao wanakupenda. Upeleke kwa wanaotwanga."

Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Wimbo mpya uliimbwa kwanza mbele ya wanawake walio kwenye vinu, na mtunzi hakuruhusiwa kuwaomba waitikie. Wakiupokea wenyewe, unakwenda uwanjani. Wakinyamaza, unarudi nao nyumbani. Nikaimba. Michi ikaendelea, hakuna aliyeitikia. Mwishowe mama mmoja akasema, "Wimbo mzuri, binti, ila sisi tutapumulia wapi?" Wakacheka wote. Nililia, siyo siri. Lakini niliufupisha, na safari ya pili waliudaka kabla sijamaliza mstari.

Haya nisingeyaandika kama si mjukuu wangu Hamisi. Yeye na mwenzake Veronika, binti wa jirani zetu waliotoka upande wa Msumbiji, wametengeneza programu ya simu ya kutungia muziki. Unagusa kioo, ngoma inalia, nawe unaimba juu yake. Uzinduzi waliupanga Ruangwa mjini: ukumbi, spika, fulana za rangi moja. Baba yake Hamisi alishatamka kwamba ikishindikana, mambo ya simu basi, kijana arudi shambani. Simlaumu, mikorosho inataka mikono.

Wakaja kuniomba dua ya siku hiyo. Nikawauliza nani ameijaribu.

"Washikaji wetu wote, bibi," Hamisi akasema. "Wanaielewa kinoma!"

Nikawapeleka Nkowe kwa mdogo wangu Zaituni, aliyekuwa akimenya karanga na majirani. Nikaweka simu katikati yao. Hamisi akaanza, "Kwanza mnabonyeza hapa..." Nikamwambia anyamaze.

Zaituni akaigusa. Simu ikamtaka jina, namba, barua pepe.

"Makubwa! Hii ngoma au polisi?"

Veronika akamjazia harakaharaka. Ngoma ikalia.

"Mbona mbio hivyo?" jirani mmoja akauliza. "Inafukuzwa na mbwa?"

Wakacheka, wakanirudishia simu, mikono ikarudi kwenye karanga.

Njiani Hamisi alinuna. "Bibi, wale siyo wateja wetu." Na kwa haki, huenda alisema kweli, mimi nazijulia wapi habari za wateja? Nikaanza kujilaumu kwa kumvunja moyo mtoto wa watu. Ni Veronika aliyesema, taratibu, "Hamisi, hata washikaji wetu niliwajazia mimi."

Wakaahirisha uzinduzi. Hamisi akaenda mwenyewe kumweleza baba yake, nami nilidhani atakabidhiwa jembe palepale. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Afadhali umeyajua kabla ukumbi haujajaa. Nakupa mpaka ufuta uvunwe."

Wamefanya kazi hao! Sasa unapiga kwanza, jina baadaye, na ngoma unaipunguza mwendo upendavyo. Juzi tulirudi Nkowe. Zaituni akapiga, akapiga tena, kisha akaanza kuimba. Jirani akampokea, na wengine wakafuata, maganda yakiwadondoka mapajani. Hakuna aliyewaomba. Hamisi aligeuka upande, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kama watu wa mjini nao wataipokea, sijui, nisije nikakudanganya. Ila ninachokijua nakupa. Mwanangu, kitu chako kipya usikipeleke kwa wanaokupenda tu. Kiweke mikononi mwa mtu mwenye kazi zake, kisha ufunge mdomo utazame. Usimwombe akusifu; ukimwomba, atakusifu kwa huruma, na huruma haijazi ukumbi. Akikirudisha, usimchukie wala usijidharau. Kachukue muda, kirekebishe, urudi kwa huyohuyo. Nawe mzazi, ukiombwa muda na mtoto aliyekuambia ukweli, mpe.

Mungu awape ninyi vijana wa Nachingwea na Ruangwa masikio mapana na moyo usiochoka kurudia. Awafungulie milango ambayo sisi hatukujua kama ipo, na mkishaingia, awakumbushe kutuita. Amina.