Tanuru Waliloligawa Ndugu Wawili

Siku ile ya tanuru naikumbuka kama ya jana, mwanangu, nami nikiwa msichana wa Murungu, huku kwetu Kibondo, shingo ndefu, mdomo mrefu zaidi. Nasikia siku hizi mafundi wa Kasulu, watoto wa tumbo moja, wanagawana hata koleo. Basi kaa usikie.

Jirani yetu Mama Anastazia, mjane, alikuwa na wana wawili waashi, Yohana mkubwa na Zakayo mdogo. Masika yaliangusha ukuta wa nyumba yake, akawa analala jikoni na mbuzi. Wanawe wakafyatua matofali kiangazi chote ili wamjengee kabla mvua hazijarudi. Kazi ilikwenda vizuri, mpaka wote wawili waliponiona mimi.

Usicheke. Bibi yako nilipendeza.

Posa zikaja mbili kutoka mlango mmoja. Baba akazirudisha: "Kapatananeni kwanza kwenu." Hawakupatana. Wakaafikiana ujinga: wagawane matofali ya mama yao, kila mmoja ajenge nyumba yake, na atakayewahi kuezeka ndiye anichukue. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Sasa tanuru, mwanangu, yaani lile rundo la matofali mabichi linalopangwa na kuchomwa, lina tabia yake. Matofali ya nje ni ngozi, moto hauyashiki sawasawa. Yanayoiva ni ya ndani. Tanuru kubwa lina nyama nyingi. Ukiligawa, unabaki na ngozi tupu. Kila fundi wa Kibondo anajua hilo, na wao walijua. Wivu ni utongo wa macho, unamziba mtu asione.

Wakachoma kila mtu lake, wakitupiana maneno.

"Mdogo wangu, hilo tanuru au kichuguu?"

"Chochea lako, kaka. Bibi harusi hataki matofali mabichi!"

Siku ya kufungua nilikuwa napita kwenda kuteka maji. Yohana akashika tofali, likamvunjikia mkononi kama muhogo uliooza. Zakayo akacheka, akashika lake, nalo likamomonyoka. Mawingu yalishajikusanya upande wa Burundi. Mama Anastazia akatoka jikoni, akatazama huku, akatazama kule. Hakuwalaani. Alisema tu, "Basi mwaka huu tena nalala na mbuzi," akarudi ndani.

Neno lile lilinichoma. Nikatua ndoo, nikasokota kata, nikajitwisha matofali ya Yohana yaliyobaki mazima, nikayapeleka kwenye rundo la Zakayo. Nikarudi kuchukua mengine.

"We binti, unafanya nini?" Yohana akauliza.

"Napanga tanuru moja. Mwanamume anayemlaza mama yake na mbuzi ili anioe mimi, kesho atanilaza mimi na mbuzi ili aoe mwingine. Simtaki mkubwa, simtaki mdogo, mpaka mama yenu awe na paa!"

Wapita njia wakacheka, ati binti anabeba matofali kutafuta mume. Nikabeba tu, shingo inawaka moto. Mwisho Yohana akainuka. "Zakayo," akasema, "njoo upange wewe midomo ya kuchochea moto. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu."

Kwa kaka mkubwa, neno hilo ni zito kuliko tanuru zima. Zakayo akaja. Wakapanga upya, wakakandika udongo, wakachoma pamoja. Safari hii matofali yaliiva, ukiyagonga yanalia. Wakajenga mbiombio, na mvua ya kwanza ilimkuta mama yao chini ya paa, anatuchekea kutoka mlangoni.

Nilimchukua Yohana, kwa neno lake lile. Zakayo alinuna mpaka mavuno yakapita, kisha akaja mwenyewe kutujengea nyumba hii. Tazama ukuta wake, haujapinda.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kweli. Lakini mvua haingoji ndugu wapatane. Kwa hiyo nakwambia: gombana na nduguyo ukipenda, ila kazi mliyoianza kwa ajili ya mama yenu usiivuruge, usiigawe. Ukikosea, wewe ndiye utangulie kumwita, hasa kama wewe ndiye mkubwa. Na ukiwa binti, usikubali kuwa zawadi ya mashindano. Sema unachotaka, hata wakikucheka barabarani.

Haya, nenda. Mungu akupe ndugu wa kushika ncha ya pili ya uzi wako wa kunyooshea ukuta, na mlango wako ugongwe kwa amani siku zote.