Usimsaidie Mshiriki

Shahada yangu ya pili ilihusu jinsi watu wanavyotumia kompyuta na simu, lakini niliisomea katika idara ya saikolojia. Nyumbani Salale, kijiji cha deltani, haikuwa rahisi kuieleza. Saikolojia kwao ilikuwa habari za wagonjwa wa akili, na kompyuta ilikuwa ofisi yenye kiyoyozi. Nilipoyaunganisha hayo mawili, baba aliniuliza kwa upole kama kompyuta nazo huchanganyikiwa. Nikamwambia wanaochanganyikiwa ni watumiaji, na kazi yetu ni kujua kwa nini. Akasema alhamdulillahi, mradi nasoma.

Chuoni Dar es Salaam tulikuwa wachache, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti. Humo nilifundishwa namna ya kufanya jaribio. Unampa mtu simu, unamwambia afanye jambo fulani, kisha unakaa kando na kumtazama. Akikwama, usimsaidie. Usiguse kioo, usitikise kichwa, hata kuguna usigune. Akiuliza, mrudishie swali: wewe unadhani ni nini? Ukimwonyesha njia, hutajua tena programu imekosea wapi. Wanafunzi wenzangu walikubali kutazamwa hivyo, wakanywa soda zao na kuondoka. Kanuni hiyo haikunisumbua.

Kwa utafiti wangu nilichukua programu ya simu ya wajawazito, inayowakumbusha siku za kliniki na kuwasomea maelezo kwa sauti. Nikaamua kuijaribu kwetu, ambako kwenda kliniki ni kupanda boti, na aliyekosea siku amepoteza siku nzima. Mshiriki wa kwanza alikuwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyekuwa na mimba ya mtoto wa tano. Nusu ya utoto wangu nililala kwake.

Tulikaa ukumbini kwake, mkekani. Nikamsomea maelezo, akakubali kurekodiwa, nikamwomba atafute siku yake ya kliniki.

Alianza vizuri. Sauti ya simu ilipomsalimia, aliitikia. Aliweka jina, akaweka miezi. Kisha ukatokea ukurasa wenye picha ya nyumba chini yake, ile ya kurudi mwanzo. Ilimbidi aiguse, kwani siku za kliniki ziliorodheshwa huko mwanzo. Akaitazama, akainua kidole, akakirudisha.

"Hapa nibonyeze?"

"Wewe unadhani ni nini, mama mdogo?"

"Mimi nakuuliza wewe."

Nikainamia daftari langu. Akajaribu pembeni ya kioo, akajaribu juu. Simu ikarudia maelezo yale yale. Jasho likamtoka puani.

"Mwanangu, unaniona nahangaika."

Nilikuwa namwona. Nilitazama mkono wake badala ya uso, kama nilivyofundishwa, nikaandika kwamba amesita. Akaiweka simu mkekani taratibu, akajifunga kanga upya.

"Basi. Kama umekuja kunicheka, umeshacheka."

Akaingia ndani. Kinasa sauti kiliendelea kurekodi kuku.

Jioni nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha ungo. Nilimweleza kwamba jaribio lilikuwa la programu, si lake.

"Nilipokufundisha kusuka ukili wa mkeka," alisema, "nilikaa nikakutazama tu unavyoharibu?"

"Hapana."

"Nilikushika mkono."

Nilikaa nikamsaidia kuchambua chuya. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakuigusa ile picha.

"Ile nyumba? Si ndiyo kusema nitajifungulia nyumbani? Nesi ametukataza. Nikibonyeza si watajua nimekataa hospitali?"

Hilo halikuwahi kunijia akilini, wala halikumjia aliyeitengeneza. Lilikuwa jibu zuri sana la utafiti, na nililipata nje ya utafiti.

Kesho yake nilikwenda sehemu yenye mtandao na kumpigia msimamizi wangu. Nikamwambia siwezi kukaa kimya mbele ya watu walionilea, na hata nikiweza, wao hawatakubali.

"Waweke wawili wawili," alisema. "Wasaidiane wao. Wewe utasikiliza. Andika tu sababu."

Ndivyo nilivyofanya, Salale na baadaye kijiji kingine, Mbuchi. Wanawake walikaa bega kwa bega na simu moja. Walibishana, walinyang'anyana, mmoja alimwambia mwenzake aache kubonyeza kama anakamua ndimu. Sikuulizwa kitu. Niliyotaka kuyajua waliyasema wenyewe, kwa sauti, na wengine kadhaa waliisoma ile nyumba kama mama mdogo. Picha ikabadilishwa. Tasnifu ikapita, ingawa mtahini mmoja aliona sura ya mbinu ni ndefu mno.

Mama mdogo hakukubali kukaa tena kwa jaribio, hata na shoga yake. Sikumlazimisha. Alijifungua salama, hospitalini, na siku za kliniki alikuwa akikumbushwa na jirani. Kwa miezi kadhaa salamu zake zilinifikia kupitia kwa mama, fupi.

Nilikwenda kumwona mtoto alipokuwa ameshaanza kukaa. Tuliongea habari za kamba, kwamba msimu ule hawakuwa wengi, na habari za ndege waliokuwa wakimaliza mpunga. Kelele za ndege zikasikika upande wa shamba. Akainuka, akanipa mtoto nimshike, akaokota kopo la kupigia na kwenda kuwafukuza. Mtoto aliniangalia muda mrefu, kisha akalala.