Kupe wa Baharini

Shida ilinianza mwaka wa 1974, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mvua ilikosekana kijijini kwetu Kanyangi, mbuzi wetu wakaisha, nami niliyefika darasa la tatu tu nikashuka Mombasa. Mwenye mashua mmoja akanipa kazi ya kubeba mitungi ya hewa ya wazamiaji. Baadaye akanifundisha kuzama, niwaonyeshe wageni viumbe vidogo vya kwenye matumbawe.

Siku ya kwanza na wageni niliona kitu chekundu kwenye tawi la matumbawe, kidogo kama punje ya mtama, kimeng'ang'ania. Mkono wangu wa mchungaji haukuniuliza. Nilikibandua nikakiponda kwa kucha mbili.

Mgeni mmoja alinikamata mkono, macho yamemtoka. Tukapanda juu.

"Mkamba, umefanya nini?" tajiri wangu, yule mwenye mashua, akafoka.

"Nimetoa kupe, bwana."

"Kupe baharini! Huyo ni kaa! Hawa wamepanda ndege kuja kumwona. Kesho usipompata mwingine, rudi kwenu ukale vumbi."

Nikajiuliza: Mtu apande ndege kwa kitu kama kile?

Kesho yake nilizama nimefunga mikono nyuma, nikawa naonyesha kwa kichwa. Nilipata wanne kabla wageni hawajaona hata mmoja. Kazi ile nikaifanya miaka kumi na minane.

Leo, kwa pesa za hao kupe wa baharini, nina ekari sita Kanyangi, nyumba ya mawe, tangi la maji, ng'ombe wanne na duka katika mji wa Kwa Vonza.