Kipande cha Muwa na Koo la Kabureta

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani Tabora, nikamkuta mtoto wa kaka yangu ameinamia gari uani, simu mkononi, anasoma kwenye kioo chake ugonjwa wa injini. Nikamwuliza kabureta iko wapi. Akanitazama kwa huruma. "Shangazi, magari haya hayana kabureta." Haya, mwanangu. Lakini pua yangu ilishanusa petroli, na ulimi ukakumbuka muwa.

Baba alikuwa na pikapu yenye injini ndogo, akibeba karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka vijiji vya njia ya Ulyankulu. Kabureta ilipopasuka hakuhangaika na rula. Alichukua muwa, akauchonga kwa kisu mpaka kipande kikaingia sawasawa kwenye koo la kabureta, pale hewa inapopita. Ndivyo alivyopima kila tundu. Kabureta mbovu yenyewe haikwenda dukani, maana babu mwenye duka la vipuri aliuza pia tende na kanga, na hakutaka mafuta mezani kwake. Nikakabidhiwa kipande na kutumwa mimi, binti wa miaka tisa. "Koo lilingane na hiki," baba akasisitiza. "Injini ndogo ukiipa koo kubwa inapaliwa."

Haraka ilikuwepo. Bibi, mama yake baba, alikuwa kijijini na ukungu machoni, hata mchele aliuchagua kwa kupapasa. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya mjini, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho.

Sasa niambie wewe, rafiki yangu: muwa uliokwisha kumenywa, jua la saa saba, njia ndefu. Nilianza kwa kuulamba tu. Nilipofika sokoni nilikuwa natema makapi. Ulinuka petroli kidogo, nikautafuna hivyo hivyo.

Nikamwamkia babu wa duka. Akaitikia marahaba, akauliza kipimo. Nikamwonyesha kwa vidole, na kwa hofu nikavipanua mno. Alipoleta kabureta mbili nikachagua kubwa, nikijiambia kubwa haiwezi kukosa nguvu. Tundu za bolti zililingana, na baba, aliyeamini kipimo chake, akaifunga bila kuuliza.

Asubuhi tukaondoka kumfuata bibi. Kwenye lami gari lilijikongoja. Tulipoingia mchangani, kila baba alipokanyaga mafuta injini ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Alishuka mara nne. Mara ya tano aliketi kwenye bampa akasema kwa sauti ndogo kwamba amemponza mama yake. Hapo nikashindwa.

"Baba, kipimo nilikila."

Nilisubiri kofi. Alinitazama kinywani, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Nikaachwa kwa mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo kando ya njia, na baba akadandia baiskeli iliyokuwa ikielekea mjini, kabureta mapajani. Alipitia nyumbani akachonga muwa mwingine, akaenda dukani kubadilisha. Jua lilikuwa kichwani aliporudi. Alipomaliza kufunga bolti akanipa ule muwa. Sikuweza kuula.

Injini ikanguruma taratibu, bila kikohozi. Nililia kwa kufarijika, tena waziwazi. Tulimfikisha bibi hospitali nesi akiwa anafunga daftari la majina. Alitutazama, akashusha pumzi, akalifungua tena.

Duka lile siku hizi linauza simu. Pikapu iliishia kwenye vyuma chakavu, baba na bibi wametangulia, na hakuna anayepima injini kwa muwa tena. Inaniuma, sikufichi. Lakini kila nikikumbuka nashukuru kwamba ulimi wangu, ulioharibu mambo, ndio pia uliosema kweli kabla hatujachelewa.

Siku ile bibi alikuwa amesimuliwa yote njiani, na jioni madaktari wakamtoa ukungu machoni. Kesho yake, bandeji ilipoondolewa, hakumtazama baba wala dirisha. Alinishika kidevu akanivuta karibu.

"Fungua kinywa, mke mwenzangu," akasema. "Hiki ndicho nilichotaka kukiona kwanza."