Mistari Mgongoni mwa Marehemu

Sogea nikueleze, msomaji, maana kosa langu linaweza kukukuta nawe. Mimi ni tabibu wilayani Urambo. Niliitwa kukagua mwili wa mkulima mzee aliyekutwa amekufa kitandani. Mgongo wake ulikuwa wa zambarau, una mistari myeupe iliyopishana. Nikajitia bingwa: "Huyu amechapwa viboko." Askari akamfunga pingu mwana wa marehemu.

Mjane akakunja mkeka wa kitandani, akanionyesha kamba za kitanda. "Mwanangu daktari, mzee wangu kalala hapa tangu jana. Hebu linganisha."

Nikalinganisha mbele ya waombolezaji wote. Mistari ilikuwa ya kamba. Mtu akifa, damu hushuka upande aliolalia, isipokuwa palipobanwa.

"Basi mwambie askari amfungue mdogo wako," akasema mjane.

Kabla hujasema marehemu amepigwa, uliza kwanza alilalia nini.