Mishono Sita kwa Gunia

Miaka hiyo ya hamsini bwana yangu alikuwa kuli wa kibarua bandarini Mombasa. Mimi nilishona midomo ya magunia katika ghala la mahindi hapa Nakuru, kando ya reli. Magunia niliyoshona yaliteremka kwa treni mpaka kwenye meli alizopakia yeye. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo.

Barua yake nilisomewa na karani wa ghala. Bwana yangu alisema mzungu amesimamishwa juu ya meli na saa mkononi, anahesabu kila gengi la makuli linapakia magunia mangapi kwa saa. Gunia likifunguka, watu wanaacha kupakia wafagie mahindi, na saa inaendelea. Baada ya miezi mitatu, gengi la kwanza litaandikwa kazi ya kudumu na kila mtu apewe chumba cha kukaa na bibi na watoto. Mimi na watoto tulikuwa tunalala jikoni kwa dada yake. Chumba hicho nilikitaka kuliko alivyokitaka yeye.

Ghalani nako kipimo kilibadilika. Zamani nyapara alivuta mshono kwa kidole, ukilegea unarudia. Sasa akasema ni hesabu tu, na wa nyuma wasirudi kesho. Kila mwanamke atie uzi wake rangi, jioni ijulikane ameshona mangapi. Wangu niliuchovya kwenye bluu ya kufulia. Gunia lilikuwa likipata mishono kumi. Nikajaribu minane, hakuna aliyesema kitu. Nikashuka mpaka sita.

"Huyu anakimbilia wapi?" mmoja akawauliza wenzake. "Bwana yake yuko Mombasa, si hapo mlangoni!"

Wakacheka.

"Cheka tu," nikamwambia, "jioni utahesabiwa."

Jioni nilikuwa wa kwanza, na kesho yake pia. Nyapara alinipa pakiti ya majani chai mbele ya wote. "Mama, wewe ndiye mfanyakazi." Nilijivuna, sifichi. Watu husema kupima kazi ni haki. Mimi nilipimwa nikawa wa kwanza, na hakuna aliyeshona vibaya kuliko mimi.

Baba watoto alirudi asubuhi moja bila kutuma habari, sanduku begani.

"Umepewa likizo?"

"Likizo gani? Tumeshika mkia. Gengi lote limefukuzwa."

Nikampa uji, hakuugusa.

"Magunia yanafunguka huko juu kwenye winchi, mahindi yanatunyeshea kichwani. Tunafagia, mzungu anaangalia saa. Nikamwambia, bwana, kosa ni la walioshona. Akasema hao hawapimi, anatupima sisi." Akasonya. "Kuna shetani mmoja huko ghalani kwenu ana uzi wa bluu. Kila likifunguka, ni la bluu. Unamjua?"

Vidole vyangu vilikuwa na bluu mpaka kwenye kucha. Aliviona kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

"Mishono mingapi?"

"Sita."

"Sita," akarudia, kisha akatoka nje.

Siku hiyo hiyo ghalani nilirudia mishono kumi, nikivuta mpaka kiganja kikachubuka. Nyapara akaja kusimama nyuma yangu. "Mama, umeanza kuzeeka?" Nikamweleza habari za meli, na magunia, na bwana yangu. Akasikiliza yote, halafu akasema meli si kazi yake. Wiki haikuisha kabla hajaniambia nisirudi.

Hivyo ndivyo tulivyopata kukaa pamoja: kibanda cha nyasi kwenye shamba la mzungu huko Njoro, tukichuma maua ya pareto, yeye na mimi. Watoto walifurahi, wao walitaka baba tu. Asubuhi ya kwanza nilisimama kwenye mstari nikamwachia nafasi kando yangu, kama walivyofanya wake za watu. Alipita na kikapu chake bila kunitazama, akaenda mstari wa mwisho kule kwenye uzio, na msimu mzima akachuma huko.